Kikuku cha Moyna

Asubuhi ile nilikuta kikuku cha fedha mguuni mwa binti yangu kimekuwa cheusi, nikafurahi kabla sijaogopa.

Hapa Hazaribagh hewa ya kiwanda cha ngozi huchafua fedha. Zamani, kila Ijumaa, kina mama tulikaa kibarazani tukisugua vikuku kwa ukwaju. "Wifi, chako cheusi kama sufuria! Leo unakula samaki!" Weusi ulimaanisha kazi ipo kiwandani. Naye Moyna wangu alikohoa mchana kutwa.

Serikali ikafunga kiwanda, eti kinaua mto. Vikuku vikabaki vyeupe, kifua cha mtoto kikatulia, samaki wakapotea sahanini.

Sasa mkaguzi wa serikali alisimama mlangoni. "Dada, nasikia wamefungua kiwanda kwa siri?"

Mume wangu akaficha mikono inayonuka chokaa ya kunyonyolea ngozi. "Kimekufa, bwana mkubwa! Kitupu kama tumbo langu."

Moyna akatoka mbio. "Mama, kikuku kimekuwa cheusi tena! Leo kuna samaki?" Akainama, akakohoa.

Kina mama wenzangu, harufu ya samaki isiwazibe masikio msisikie kikohozi cha mtoto.

Nilimpakata, nikauelekeza mguu wake kwa mkaguzi.