Nusu kwa Mkulima

"Mwalimu Mathenge alitoa ngapi akichukua gari yake?" aliuliza Gladwell Murugi, mkono wake juu ya boneti ya pikapu nyeupe ya Pijo.

"Sehemu ya kumi," alijibu Kingori. "Na wewe, Mama Wahome, utatoa nusu."

"Kwa gari kama hii?"

"Kama hii hii. Mathenge ako na peslipu ya mshahara kila mwezi. Wewe uko na kahawa."

Kingori aliuza magari yaliyotumika kwenye ploti ya kokoto mjini Nyeri. Alikuwa mtu wa kusema maneno makali bila kupandisha sauti. Tangu malipo ya kahawa yaanze kuchelewa, hakuna mkulima aliyechukua gari kwake kwa lipa polepole kabla ya kuweka nusu ya bei mezani.

Murugi alikuwa na robo. Hoteli moja ya Naro Moru ilikuwa imekubali kununua maziwa yake na ya majirani zake wa Giakanja kila asubuhi, mradi ayafikishe mwenyewe kuanzia Jumatatu. Siku hiyo ilikuwa Ijumaa, mwezi wa pili, 1998. Bila gari, biashara hiyo ingeenda kwa mwingine.

"Walimu waligoma mwaka jana, nchi nzima," alisema. "Ng'ombe zangu hazijawahi kugoma."

"Zikikufa nitashika nani? Ndama?"

"Huu ni ubaguzi. Nitaleta wakili."

"Leta hata wawili. Wakuje na chai yao."

Alimleta mchana huohuo. Wakili Wakiuru alikuwa mwanamke mrefu, suti yake safi, viatu vyake vimejaa tope la njiani. Hakumpa Kingori mkono. Alianza na gari. Alilizunguka, akagonga milango, akachungulia chini. Akauliza limepita kwa watu wangapi, na kama injini imewahi kufunguliwa. Kingori alijibu kwa kinyongo, kama shahidi kizimbani. Murugi alisimama nyuma ya wakili wake, kifua mbele.

"Bei ya taslimu umemwambia?" aliuliza Wakiuru.

"Nimemwambia."

"Mkulima mwingine yeyote ungemwambia nusu?"

"Hata mama yangu."

"Awe wa kabila lolote, dini yoyote?"

"Kahawa haina kabila, wakili."

Wakiuru akamgeukia Murugi. "Hana kosa."

"Ati nini?"

"Angekubagua kwa kabila au kwa dini, tungekuwa na la kusema. Lakini anachopima ni nani atalipa na nani hatalipa. Gari ni lake. Anaweza kumwamini huyu na asimwamini yule, mradi aseme masharti yake waziwazi. Ukienda kortini utashindwa, na gharama zake utalipa wewe."

"Nilikulipa unitetee, si unizike."

"Ulinilipa nikuambie sheria."

Murugi alimtazama usoni, kisha akatema mate kwenye kokoto, karibu kabisa na vile viatu. Akaanza kuondoka. Kingori alicheka.

Wakiuru alisubiri mpaka mteja wake akaribie lango. Ndipo akaingia ofisini kwa Kingori na kufunga mlango.

"Sasa, ile Pijo nitaichukua mimi," alisema. "Sehemu ya kumi leo. Inayobaki, kila mwisho wa mwezi."

Kingori alikaa, akavuta kiti karibu na meza.

"Mawakili wanalipa taslimu," alisema. "Yote."

"Mapato yangu yanazidi ya mwalimu yeyote hapa Nyeri."

"Najua. Lakini mkulima akishindwa kulipa, natuma vijana wawili, na jioni gari iko hapa. Wakili akishindwa, ananipeleka kortini mpaka gari iishe na kutu. Hata polisi siwapatii kwa lipa polepole."

"Huwezi..." alianza Wakiuru.

Kingori alikuwa tayari amefungua dirisha. Murugi alikuwa bado langoni, akingoja usafiri.

"Mama Wahome!" aliita. "Rudi na hiyo robo yako! Mtu ameambiwa na wakili yake hana kesi, huyo hata mimi namwamini."