Ndege ya Baba Sekela

Katika jeshi letu la anga, rubani akifa, akili yake huhamishiwa kwenye ndege ya kivita. Ndiyo maana Tusekile aliweza kwenda kambini kila Jumapili, binti yake mgongoni, kuzungumza na marehemu mumewe, Ambakisye.

Jumapili hiyo Kapteni Mwaluko, aliyekuwa rafiki wa marehemu, alimpokea getini.

"Shemeji, kesho ndege inaboreshwa. Ataendelea kuruka, ila kumbukumbu za nyumbani zitaondolewa."

"Kwani amekosa nini?"

"Alitumwa kushambulia mji wa adui. Akaona nguo za watoto zimeanikwa, akageuza."

Tusekile alienda akaegemea bawa.

"Mama Sekela," sauti ya Ambakisye ilimwita, "mtoto ameanza kutembea?"

"Anatembea, Baba Sekela. Hashikiki." Akamshusha mtoto, akamwacha atembee chini ya bawa.

Wiki iliyofuata ndege ile ilipita chinichini juu ya mtaa wao. Majirani walitoka wakashangilia. Tusekile, akijua nguo za watoto hazitamgeuza tena, alimnyakua mtoto uani, akaanua vinguo vyake vyote kambani, akakimbilia ndani na kufunga mlango.