Kunja Vidole

"Tisa, mjukuu wangu. Mama yako Sikuzani alianza darasa la kwanza ana miaka tisa, siyo sita kama wewe. Hebu pitisha mkono juu ya kichwa, ushike sikio la upande wa pili. Hicho kichwa umerithi kwangu, pole. Mkono umefika? Basi zamani asiye na cheti cha kuzaliwa walimu walimpima hivyo hivyo: akigusa sikio anaandikishwa, asipogusa anarudishwa nyumbani.

"Mama yako alifika shuleni akiwa na miaka saba. Ila mpunga wangu kule bondeni ulikuwa unaiva, ndege wanaumaliza, na wa kuwafukuza alikuwa yeye tu. Nikamwambia, mwanangu, ukiambiwa ushike sikio, kunja vidole. Akakunja. Mwaka wa pili akakunja tena.

"Kwa hiyo wenzake wanamaliza la saba, yeye yuko la tano. La sita ana miaka kumi na minne, msichana mkubwa, ukaja wewe. Shule ikaishia hapo. Mimi watu nawaambia mkono wake ulikuwa mfupi."

Kugeuka, namwona Sikuzani mlangoni na sinia la wali.

"Nilidhani umesahau, baba," akasema taratibu.

Akaweka sinia mkekani, akachukua birika la maji.

"Nyoosha mikono nikunawishe. Chakula kinapoa."

Nikanyoosha. Akaniosha kidole kimoja kimoja, haniangalii usoni. Kisha akamnawisha mwanawe, akanawa na yeye, tukakaa wote watatu, tukala.