Bastola ya Wanita

Wanita aliinyanyua bastola, akafumba jicho moja, akauelekeza mtutu kwenye mkanda wa suruali ya mumewe.

"Hii nyepesi," alisema.

"Wanita!" Delbert aliruka nyuma ya makoti ya kuwindia, na uzee wake wote ule.

Muuzaji hakupiga kelele. Alinyoosha mkono juu ya kaunta, akausukuma mtutu taratibu mpaka ukaangalia ukutani. "Haina risasi, mama, nimeikagua. Lakini tuielekeze kule, mzee wetu asije akatuangukia hapa." Kibao cha jina kifuani kwake kilisema Lyle. Alikuwa mtu wa miaka thelathini na kitu, mrefu, kipara kikianza kumnyemelea.

Delbert alirudi kaunta uso umemwiva. Tangu nyumba ya jirani yao ivunjwe na wezi, alikuwa akimbembeleza mkewe awe na bastola yake mwenyewe, na mkewe akikataa katakata. Halafu juzi, mezani, kabla hata kahawa haijapoa, Wanita akasema tu, "Haya, nipeleke." Ila duka alilichagua mwenyewe. Lile la mjini kwao, la rafiki wa Delbert wa kanisani, hakutaka hata kulikanyaga. Wakaendesha gari asubuhi nzima hadi hapa, pembezoni mwa Tulsa.

Delbert hakulalamika. Bunduki ndizo alizozijua kuliko kitu chochote, na leo mkewe angetambua ameolewa na nani. Kilichomtatiza ni kimoja: Wanita alikuwa amejipaka rangi ya mdomo, na amejipulizia manukato yale ya Krismasi.

"Mpe ile nyeusi kubwa," Delbert aliamuru. "Mwizi akiuona mdomo wake tu, anaungama dhambi."

Lyle aliitoa, lakini akaizuia kidogo mkononi. "Ni nzuri, mzee, na bosi wangu angefurahi nikiiuza. Lakini itamrusha mama mkono. Risasi mbili tu, ataichukia. Ningekuwa namnunulia mama yangu, nisingeichukua."

"Mama yako yupo?" Wanita alidaka.

"Yupo, kule Muskogee."

"Unaendaga kumwona?"

"Nisipoonekana, ananitumia polisi."

Wanita alicheka, akamgusa mkono. Delbert aliuona ule mkono.

Kisha Wanita akaomba rivolva ndogo. Halafu ile yenye mpini wa mbao. Halafu ile ya kwanza, tena. Akauliza risasi zinaingilia wapi, akaelezwa. Akauliza tena, akaelezwa tena, bila Lyle kuguna wala kukunja uso. Delbert alibaki ameduwaa. Mwanamke huyu alikulia shambani. Majira ya baridi yaliyopita alimwangusha mbweha koyote kwa bunduki ndefu, akiwa barazani na ndara miguuni. Leo amejifanya hamnazo, bastola anaishika kama kambare anayefurukuta!

"Ukikasirika, mwanangu, unafanyaje?" Wanita aliuliza, na papo hapo kiwiko chake kikagonga boksi la risasi. Zikatawanyika sakafu nzima.

Lyle alipiga magoti kuziokota. "Kama sasa hivi?" Akainua uso, anatabasamu. "Naokota tu, mama. Zikiisha, na hasira zimeisha."

"Na pombe?"

"Bia moja, nikitazama mpira."

"Umeoa?"

"Wanita!" Uzalendo ulimshinda Delbert. "Ulizia bastola, usimuulizie muuzaji!"

"Acha mama aulize, mzee." Masikio ya Lyle yalikuwa mekundu. "Nilioa, tukaachana. Nusu ya kosa ilikuwa yangu."

"Sikiliza majibu hayo," Wanita alimwambia mumewe, macho yakimng'aa. "Nusu! Wewe lini uliwahi kukubali hata robo?"

Hapo wivu ukampanda Delbert mpaka kooni. Alichukua ile bastola nyeusi kubwa, akaegemea kaunta, akamkazia Lyle macho.

"Wanaume wenye majibu matamu nawajua," alisema. "Binti yangu aliniletea mmoja. Mpole kama wewe. 'Ndiyo mzee, hapana mzee.' Alikula mezani kwangu, akanywa kahawa yangu, kisha akatoroka na gari langu la mizigo na mhudumu wa baa. Nimeapa: atakayefuata atanikuta mlangoni na hii hapa. Maji ya kunywa hapati. Nitamuuliza swali moja tu, na halitamfurahisha."

Wanita alimkanyaga mguu. Delbert hakusikia.

"Pole sana, mzee," Lyle alisema polepole. "Baba mwenye uchungu na mwanawe simlaumu. Lakini tafadhali, kidole kitoe kwenye kifyatulio. Hata kama haina kitu."

Delbert alikitoa. Hakujua kwa nini alitii, na hilo likamkera zaidi.

Juu ya kaunta bastola zilikuwa zimelala safu nzima, kubwa kwa ndogo. Mwingine angeshamwambia bibi kizee huyu aende zake. Lyle alichukua kitambaa, akaanza kuzifuta alama za vidole, moja baada ya nyingine.

"Haya, bibie," Delbert alisema kwa sauti kavu. "Umezishika zote. Unachukua ipi, twende nyumbani?"

Wanita alifunga mkoba wake.

"Bastola sitaki," alisema. "Namchukua huyu." Akampiga Lyle kofi la upendo shavuni. "Jumapili saa saba uje kula kwetu, mwanangu, tukitoka kanisani. Mwambie Krista mama yake amekuona, na amekubali. Na huyu hapa ndiye baba yake."