Mwanya wa Kurithi

Kompyuta ya zahanati ilipiga picha ya taya la Mishi, kisha ikachora sura atakayokuwa nayo ukubwani. Meno yalibanana. Mwanya wa meno ya mbele alionao sasa haukuwapo.

"Huyu si mwanangu," alisema Nargisi, ushungi kaushikilia mdomoni. Mwanya ule Mishi aliurithi kwake, naye aliurithi kwa mama yake, na mtaani kwao wasichana walisifiwa kwa mwanya huo.

"Kompyuta inauona ni maradhi, mama," daktari alijibu. "Na sheria unaijua. Yeyote atakayeonekana nao, lazima anyooshwe meno."

"Na hiyo kompyuta ilifundishwa na nani?"

Daktari alitabasamu tu. Nargisi akamtazama, akamtazama muuguzi, akamtazama na bawabu mlangoni. Wote walikuwa na meno yaleyale, kama yaliyotoka kinywa kimoja. Akauvuta ushungi wake zaidi.

Mishi alifungwa waya, na mwaka ulipoisha mwanya ulikuwa umeziba. Siku alipofunguliwa, alisimama sebuleni mbele ya picha ya bibi yake, aliyekuwa akicheka kwa raha zake, mwanya wazi.

"Mama, maskini bibi. Ndio ugonjwa uliomuua?"

"Ugonjwa gani? Bibi yako alikuwa mzima! Hata mimi ninao, tazama." Nargisi akateremsha ushungi, akacheka ili mtoto aone.

Mishi akamkumbatia kiunoni, machozi yakimlengalenga.

"Usiogope, mama," akasema. "Jana ulipokuwa unacheka na shangazi nilikupiga picha, nikamtumia daktari. Wanakuja kukuchukua."