Simu Isiyofungua Barua

Adhuhuri ilipita na simu ya mwanawe haikubisha hodi.

Mama aliikodolea macho kompyuta. Mistari ya seva ya barua pepe iliteremka kama siku zote: huyu kaingia, yule katoka, barua imepokelewa, imepelekwa. Jina la mwanawe halikuwamo.

Seva ile aliijua kama anavyoijua nyumba yake. Simu inabisha hodi. Seva inaitikia, inauliza jina na neno la siri. Yakilingana, inafungua sanduku. Kisha simu haiondoki, inakaa mlangoni kimya, na barua ikiingia tu, seva inainong'oneza: ipo mpya.

"Nani kaishika simu, seva haijui," alizoea kuwaambia wageni wa kazi. "Na haiulizi."

Kila siku alimwandikia mwanawe. Umekula? Shati lako la buluu nimelifua. Mbona kimya? Simu ilizichukua barua zote, wala haikufunguliwa hata moja. Lakini zilichukuliwa, na kwake hilo lilitosha kumpa usingizi.

Kipara, fundi aliyehamia pale majuzi, alivuta kiti.

"Mama, usinichukie. Masanduku yasiyo na mtu tunayafuta leo: asiyeingia leo, lake linafutwa. Hili la mwanao..."

"Lina mtu."

"Mbona leo hajaingia?"

"Ataingia."

Kipara alisonya. "Watoto wengine wana roho ngumu jamani. Mama mtu anaandika mpaka vidole vinaota sugu, yeye hata salamu!"

Chumba cha mitambo kilikuwa baridi, mashine zikivuma kwa sauti moja isiyokoma, naye Mama alihisi shingoni kama kuna mtu amesimama nyuma yake. Hakugeuka. Alitoka hadi ukumbini akampigia mdogo wake wa kiume.

"Kwako umeme upo?"

"Umekatika tangu jana, dada. Kwani vipi?"

"Nauliza tu."

Akakata. Alirudi kitini, akaandika: Mwanangu, ingia basi, hata kidogo. Barua ikalala sandukuni pamoja na zile za asubuhi.

Kipara alikuwa ameshafuta masanduku mengi. Alipolifikia lile, alimtazama Mama, akakuna kichwa, kidole kikining'inia juu ya kitufe.

Mstari mpya ukaruka. Jina. Neno la siri ni sahihi. Sanduku limefunguliwa. Barua mpya zimechukuliwa.

"Haya, kaja mwenyewe," Kipara alisema, akalipita.

Mama alishika ukingo wa meza kwa mikono miwili mpaka pumzi ikamrudia.

Alipotoka kazini, mdogo wake alikuwa langoni, shati limemganda mgongoni kwa jasho, macho mekundu.

"Dada, nisamehe. Siwezi tena kukudanganya. Simu ya mpwa wangu ninayo mimi. Niliitoa mfukoni mwake siku ile ya ajali. Ndiyo ninayoichaji kila siku, ili uone inaingia, moyo wako utulie; leo nimekimbia nayo mpaka penye umeme."

Mama alimfuta jasho usoni kwa ncha ya mtandio wake, taratibu, kama alivyokuwa akimfuta alipokuwa mdogo.

"Najua. Macho nilimfumba mimi, kwa mkono huu," alisema. "Wewe endelea kuichaji."