Mama Tunu

Mzee Shekuwe alileta kibao cha mninga cha kaburi la mkewe. Sihaba, fundi wa kuchonga kwa leza, alianza kulijaribu jina alilopewa na mzee kwenye kipande kingine cha mbao: MAMA TUNU. Herufi ziliungua, zikavimba kwa masizi. Akapunguza nguvu ya mwali, akaongeza mwendo. Safari hii zilitoka nyembamba, safi, kila kona inaonekana.

"Sasa linasomeka, baba," alisema. "Lakini Tunu ni mtoto. Marehemu mwenyewe aliitwa nani?"

Mzee alikitazama kile kipande. Miaka arobaini hakuwahi kumwita mkewe vinginevyo. Midomo yake ilisogea, lakini sauti ikamezwa na feni ya mashine.

Sihaba akaizima mashine, akaweka vidole kwenye kibodi ya kompyuta, akangoja.